Nati ya Gari la Mkunga

Asubuhi mwanga huingia gerejini kwetu kupitia matundu ya misumari, maana bati letu ni kuukuu kuliko magari tunayoyatibu. Unashuka nyuzi nyuzi, unashika vumbi likiwa bado hewani, kisha unatua juu ya meza ya zana na kuanza ubaguzi. Spana za shemeji zinameremeta. Wewe, mpini wangu mrefu wa kufungulia nati, mweusi, mzito, humeremeti hata kidogo, na mwanga unakupita tu kama mtu msiyejuana naye.

Hata mimi ningekupita siku ile dukani, kama ningechagua kwa macho.

Nilikuchagua kwa mikono. Muuza duka alinipangia seti zinazong'aa ndani ya masanduku ya plastiki, kila kitu na kitanda chake, nami nikamwomba anitolee mipini mirefu mmoja mmoja. Nikavika soketi, ile kofia ya kushikia nati, kwenye kichwa cha kila mmoja, nikatikisa. Uliolegea ulipayuka kwa-kwa-kwa, nikaurudisha. Mwingine ulikuwa mnene wa shingo lakini mwepesi mkononi, maneno mengi chuma kidogo, nao nikaurudisha. Muuza duka akauliza kama nimekuja kununua zana au kuchumbia. Nikamjibu kwamba mpini huu nitauning'inia kwa uzito wangu wote na nati itakuwa haitaki, kwa hiyo aniache nichumbie.

Ukaja wewe. Nikakutikisa, ukanyamaza. Nikakutafutia soketi ya kukufaa, fupi, nene, nyeusi kama wewe, yenye pembe sita ndani na si kumi na mbili. Pembe sita huikumbatia nati ubavu kwa ubavu. Zile kumi na mbili hushika ncha tu, na ncha zikichoka nati huviringika, ukabaki na kidonge cha chuma kisichoshikika. Nikaifumba soketi kiganjani, nikaisemesha palepale mbele ya watu: ng'ata, usiachie.

Mume wangu ni fundi cherehani, na mkasi wake hakuna anayeugusa. Hata hivyo aliponiona nakuviringisha ndani ya flana yake kuukuu na kukulaza juu ya kabati la gereji, aliuliza kama siku hizi ana mume mwenza. Nikamwambia ndiyo, na huyu hakoromi.

Shemeji, mdogo wake, ambaye ndiye mwenzangu gerejini, alicheka zaidi. Shemeji anabeba giaboksi kifuani peke yake kama anabeba mtoto, na anaamini spana ni spana. Kinachofungua nati, anasema, ni mkono. Nampenda shemeji yangu. Ila mkono wake umevunja spana nyingi kuliko ulivyofungua nati.

Halafu likaja gari la mkunga.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Gurudumu la mbele lilinguruma, beringi imekwisha, na yeye ameshika usukani kwa mikono ileile iliyompokea binti yangu. Nyumba za juu mlimani hazina zahanati. Zina yeye, na yeye ana gari hili. Ili kubadilisha beringi ilikuwa lazima kutoa nati kubwa ya katikati ya gurudumu, na nati ile kutu ilikuwa imeimeza. Gereji nyingine ilijaribu, ikashindwa, ikamrudishia gari pamoja na ushauri wa kuliuza kama chuma chakavu.

Nilimweleza bila kupamba. Pembe za nati zikiisha, itabidi ikatwe. Ikikatwa, ekseli itajeruhiwa, na ekseli ya gari la zamani namna hii haipatikani tena. Mkunga akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna mama kule juu ana mimba ya mapacha, na siku zake zimetimia.

Shemeji akatangulia. Akavika soketi yake inayong'aa, akachomeka paipu kwenye mpini ili urefuke, akavuta huku anaguna. Soketi ikapasuka ubavuni. Ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye bodi ya gari, na nati ikabaki pale pale, pembe zake zimeanza kukwaruzika. Hapo mkono wake ukaenda kwenye spana yangu ya kupimia, ile inayolia kak mkazo ukitimia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndefu na ilikuwa karibu.

Nilimfokea, na sijutii. Spana ile ni ya kukazia, si ya kufungulia. Ukiipambanisha na kutu, kesho itakulia kak ya uongo, na gurudumu la mtu litachomoka barabarani. Shemeji akaiweka chini kwa adabu, akasimama ananyonya vidole vyake.

Nikaenda kuifungua flana.

Ee mpini wangu mweusi, ulikuwa umelala muda mrefu, na nilipokuinua niliogopa. Niliogopa kwamba nimekusifia bure miaka yote hii. Mkunga akaketi kwenye usukani, mguu juu ya breki. Shemeji akapiga magoti, akakandamiza soketi isiinamie upande. Mimi nikapanga miguu, nikakushika mwisho kabisa, pale ambapo urefu wako wote unanifanyia kazi, nikasema kimoyomoyo: ng'ata, usiachie.

Nikavuta. Ulipinda kidogo, ule mpindo wa chuma kizuri, unaokwenda na kurudi. Nikakusikia mpaka mabegani. Nati haikutikisika. Nikavuta tena kwa hasira, meno nimeyauma, shingo imenikakamaa, na nati bado imenuna.

Sauti ya mkunga ikatoka dirishani, ya utulivu kabisa, sauti ninayoijua tangu kitanda kile cha uzazi.

"Usikaze shingo, mama. Pumua kwanza. Haya, sukuma."

"Hapa tunavuta, dada."

"Basi vuta. Lakini pumua."

Shemeji akacheka karibu aachie soketi. Nami nikacheka, na kicheko kikanilegeza mabega, na pumzi ikashuka hadi tumboni. Nikakuegemea taratibu, bila kukurupuka, uzito wangu wote ukihamia kwako kidogo kidogo. Nyonga, mgongo, mikono, wewe, soketi, nati: tukawa kitu kimoja kilichonyooka. Ng'ata. Usiachie. Ng'ata.

Kraaak.

Mlio ulipiga bati na kurudi. Shemeji alifumba macho, alijua umevunjika. Mimi pia nilijua umevunjika. Nikakutazama, na ulikuwa umenyooka kama siku ya dukani. Nikaitazama nati, na nati ilikuwa imezunguka.

Nilipiga kelele za furaha, mtu mzima mimi, katikati ya gereji, nikiwa na mafuta mpaka kwenye nyusi. Shemeji akaizungusha kwa vidole vyake vilivyochubuka, nayo ikaja, ikaja, kutu nyekundu ikimwagika, mpaka ikatoka. Mkunga alikuwa ameshashuka na kukinga viganja viwili. Akaipokea. Akaigeuza, akazipitia pembe zake zote kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine.

"Mzima," akasema.

Tukaweka beringi mpya na nati mpya, na spana ya kupimia ikapewa kazi yake ya halali. Ikalia kak, kak ya kweli. Gari likapanda mlima kimya, na shemeji, bila kunitazama, akaniuliza lile duka liko wapi.

Asubuhi hii gari la mkunga limeshuka. Halingurumi, nimelijua kwa vumbi lake, lililoingia mlangoni na kupanda mpaka kwenye bati. Alipofika usawa wetu alipiga honi, hakusimama, akapiga tena. Shemeji akauliza mbona mara mbili.

"Mapacha," nikamwambia.

Nyuzi za mwanga zimelishika vumbi hilo la mlimani, zimeshuka nalo polepole hadi juu ya meza. Shemeji amezisogeza spana zake pembeni. Umelala katikati, na pale mikono yangu ilipokushika weusi umechubuka, chuma kimetokeza, na mwanga umetua hapo.