Filamu Aliyoipenda Ogoti

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumapili hiyo mgeni alikuwa mimi, na mwenyeji alikuwa Ogoti, mtu niliyemvunja mguu kwa pikapu yangu siku thelathini na nane zilizokuwa zimepita. Yeye hakujua. Hakuna aliyejua. Niliingia kwake nimebeba sukari kilo mbili na mkate.

Naitwa Kipngeno. Nina pikapu kuukuu ninayobebea watu mbolea na viazi pande hizi za Kaplong, na kanisani wakitaka kwenda kuwaona wagonjwa, gari lao ni langu. Mama Chepchumba, mwenyekiti wa kikundi cha kutembelea wagonjwa, alitangaza baada ya ibada kwamba leo ni zamu ya Ogoti. Ningesema nini? Ningesema gari limeharibika, na lilikuwa pale nje, limeoshwa. Ningesema naumwa, angeniombea papo hapo, na mama huyo akianza kumwombea mtu ni nusu saa. Nikawasha gari.

Hebu niseme yote nimalize. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua ya huku kwetu ikimwagika. Ogoti alikuwa anatembea pembeni mwa lami akitoka kupima na kuuza majani ya chai, amejifunika kikapu kitupu kichwani. Nilimwona nikiwa nimeshamfikia. Nilisimama mbele kidogo, kama hatua thelathini, nikatazama nyuma kwenye kioo cha upande wangu. Kisha nikatia gia, nikaenda. Mke wangu Caren nilimwambia kioo cha upande wa pili kimevunjwa na ng'ombe wa watu, akamtukana huyo ng'ombe wiki nzima. Niliogopa polisi, na kuliko polisi niliwaogopa vijana wa bodaboda wa pale kituoni, ambao wangelichoma gari na mimi nikiwa ndani. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nilikuwa nazihesabu kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Ogoti alikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto umefungwa plasta na kuwekwa juu ya stuli. Alikuwa amekonda. Alitoka Kisii zamani kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, akanunua kipande chake cha ardhi hapa, na hata wale ambao hawapendi wageni walimpenda yeye, kwa sababu hana kelele. Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, wangu ulikuwa baridi kama chuma.

"Ndugu Kipngeno! Hata wewe umekuja. Mungu akubariki."

"Amina," nikasema.

Mama Chepchumba aliomba. Mwalimu Johana, mstaafu, mtu ambaye hata salamu huipinga kwanza ndipo aiitikie, alikaa kwenye kiti kizuri bila kuambiwa. Bochaberi, mke wa Ogoti, alituletea chai. Alipofika kwangu alisimama na birika mkononi.

"Nimeona gari yako imepata kioo mpya," akasema.

"Ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe ilivunja ile ya zamani."

Akanimiminia. Chai ilijaa hadi ukingoni, na nikashindwa kuinua kikombe kwa kuogopa kuimwaga mbele ya watu.

"Mmenipata na filamu yangu," Ogoti akasema, akishika rimoti. "Kaeni tuangalie kidogo. Ni ya zamani lakini ni tamu."

"Baba Vivian, wacha!" Bochaberi akamjia juu. "Mara ya sita hiyo! Watu wamekuja kuona mgonjwa, hawakuja kuona sinema."

"Mgonjwa ndiye anaonyesha."

Wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa kuchelewa.

Ilikuwa filamu ya nchi za watu, rangi zimepauka, imenunuliwa kwenye flashi sokoni. Dereva mmoja anaendesha lori la machungwa kwenye barabara ndefu ya jangwani. Upepo unavuma, vumbi linafunika kila kitu, redio inaimba kwa sauti kubwa. Mtu anayetembea pembeni mwa barabara anagongwa. Dereva hasimami, anaendelea kumenya chungwa lake. Baada ya hapo gari jeupe linaanza kumfuata, na dereva hajui ni kwa nini. Akikimbia, linakimbia. Akisimama kujaza mafuta, linasimama kule mbali, limewasha taa mchana.

Nilijiambia, huyu mtu ananijua. Amenijua muda wote, amenitega hapa na watu wa kanisa wakiwa mashahidi. Nilimtazama Ogoti kwa kuiba. Alikuwa anatabasamu kwenye televisheni, kama mtu anayemsikiliza mjukuu wake.

Mwisho wake dereva anashuka, anazunguka mbele ya lori, anakuta kofia ya mtu imekwama kwenye bampa. Anaishika. Anakaa chini kwenye lami na kulia, na lile gari jeupe linageuka na kwenda zake. Basi. Imekwisha.

"Takataka," Mwalimu Johana akasema kabla hata majina hayajapita. "Saa moja na nusu, gari mbili! Mwizi hakuna, polisi hakuna. Na kivuli ya hiyo lori, mmeiona? Mara iko kushoto, mara iko kulia, na ni saa ile ile. Hao watu walituchezea."

"Mimi nimeogopa," Mama Chepchumba akasema. "Lakini si nzuri. Barabara gani hiyo haina hata kibanda ya chai? Hakuna mtu anakula isipokuwa huyo na machungwa yake. Hakuna hata kanisa."

"Ni mbaya kwa sababu ni uwongo," Bochaberi akasema. Hakukaa, alisimama mlangoni na kitambaa cha sufuria begani. "Mtu hawezi kugonga mtu na asijue. Mtu si kuku. Mwenye alitunga hiyo filamu alikuwa anatetea madereva."

"Ndiyo nzuri sasa, hapo!" Ogoti akainuka kidogo, akauma meno kwa maumivu ya mguu. "Nyinyi hamuelewi. Mimi nilikuwa hospitali, nina hasira, nataka huyo mwenye alinigonga afe. Nilikuwa naomba afe, Mama Chepchumba, nisamehe. Halafu mgonjwa wa kitanda ya karibu akanionyesha hii filamu kwa simu. Nikaona, kumbe mtu anaweza kukuangusha na hakujui. Yeye anaendelea na redio yake, na machungwa yake. Hana ubaya na wewe. Hiyo usiku nikalala. Tangu nivunjike, ilikuwa mara ya kwanza."

Mwalimu Johana alikunywa chai bila kupinga.

"Yule wangu hakujua," Ogoti akaendelea. "Ilikuwa mvua kubwa. Nimeshamsamehe. Akipita hapo nje saa hii, nitamsalimia."

Nimeshamsamehe. Maneno hayo yalipita mbele yangu kama sahani ya nyama, na nilikuwa na njaa ya siku thelathini na nane. Ningeweza kusema pale pale. Ningepiga magoti kwenye zulia lao. Lakini nilimwona Bochaberi na macho yake, nikakumbuka vijana wa kituoni, ulimi ukagoma.

"Wewe Kipngeno ndiye dereva hapa," Ogoti akasema. "Waambie. Mtu anaweza kugonga mtu na asijue?"

Wote wakanigeukia.

"Inawezekana," nikasema. "Mvua ikiwa kubwa, inawezekana."

"Mvua?" Bochaberi akauliza. "Kwa filamu hakuna mvua. Ni vumbi."

"Vumbi. Nilitaka kusema vumbi." Nikashika kikombe. "Mvua, vumbi, yote ni moja. Ukiwa kwa gari husikii kitu."

Ogoti akapiga kochi kwa furaha. "Umesikia, Mama Vivian? Dereva mwenyewe amesema!"

Nilikuwa nimeokoka. Mungu anisamehe, nilisikia raha. Niliinua kikombe, na chai haikumwagika. Nilifikiri: tutaomba tena, nitawasha gari, arobaini itapita na hakuna mtu atanishika. Huyu mzee atalala usingizi wake na mimi wangu. Kama ningekuwa na akili ningeomba kwenda kuangalia matairi.

Lakini Bochaberi si mtu wa kuachia jambo njiani. Alimnyang'anya mumewe rimoti.

"Wacha nirudishe hapo pa kugongwa," akasema. "Tuone kama huyo mtu hakuita. Mtu akivunjika mguu ataita tu. Wewe ulizimia, Baba Vivian, lakini huyu anaonekana ako macho."

Aliirudisha nyuma, akapitiliza, akairudisha tena. Vumbi. Lori. Mtu yule anaanguka, lori linapita, na kwa muda mfupi unamwona amelala, ameinua mkono mmoja, mdomo uko wazi. Sauti yake haipo, kuna muziki tu. Bochaberi akabonyeza na picha ikasimama hapo hapo, na mdomo wazi.

"Haya," akasema. "Huyo anaita."

Mwalimu Johana akacheka. "Anaita wapi? Anafungua tu mdomo kama samaki! Angeita, dereva angesimama. Dereva yeyote ana roho angesimama."

"Labda hawezi kusikika," Ogoti akasema polepole.

"Basi kazi yake ni kufungua mdomo bure. Angalia hiyo sura!" Mwalimu alikuwa bado anacheka, tumbo linaruka. "Kipngeno, wewe mtu wa barabara, hebu tuambie. Huyo samaki anasema nini?"

Sijui nieleze vipi. Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, Caren atakwambia. Lakini hasira ya siku ile haikuwa ya kawaida. Nilikuwa nikiutazama ule mdomo kwenye kioo cha televisheni, na sauti yake niliijua. Nilikuwa nayo kila usiku. Na mzee huyu mpumbavu alikuwa anaicheka.

"Anasema, boss, rudi," nikasema. "Anasema, boss, rudi. Tafadhali, rudi. Mara mbili. Ile ya pili ni ndogo."

Mwalimu akaacha kucheka. "Umejuaje?" akauliza. "Kwani huyo mzungu anaongea Kiswahili?"

Nilikuwa namtazama Ogoti, na Ogoti alikuwa ananitazama mimi. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo. Nilitaka kukimbia. Nilitazama mlango, na Bochaberi alikuwa amerudi kusimama hapo.

"Baba Vivian," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulisema ulizimia. Uliniambia ulizimia papo hapo."

"Sikuzimia," Ogoti akasema. "Niliona aibu kukwambia. Mtu mzima kubembeleza gari." Hakuondoa macho kwangu. "Hayo maneno sijaambia mtu. Hata polisi. Hata wewe."

Mama Chepchumba alifungua mdomo kama anayetaka kuomba, akaufunga. Niliweka kikombe chini sakafuni. Nilisubiri anitukane. Nilisubiri Bochaberi apige yowe, majirani waje na mapanga ya kupogolea chai, na nilikuwa tayari, hata nilitamani waje haraka. Ogoti hakunitukana. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutafuta kitu kilichopotea.

"Ilikuwa mvua kubwa," akasema. "Si ndiyo?"

"Ilikuwa kubwa."

"Na dirisha yako ilikuwa imefungwa."

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananipa. Nilijua ananipa, na ndiyo maana sikuweza kupokea.

"Ilikuwa wazi kidogo," nikasema. "Kioo ya mbele ilikuwa inashika ukungu."

"Lakini redio. Ulikuwa umefungulia redio."

"Redio yangu iliharibika mwaka jana, Ogoti. Sijaitengeneza."

Alitikisa kichwa, tena na tena. Kwenye televisheni yule mtu bado alikuwa amelala na mkono wake juu, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Bochaberi alikuwa analia bila sauti, kitambaa cha sufuria mdomoni.

"Kwa hivyo ulinisikia," Ogoti akasema.

"Nilikusikia."

"Mara zote mbili."

"Mara zote mbili. Nisamehe, ndugu yangu. Wewe mwenyewe umesema ulishasamehe."

Ogoti alishika mguu wake kwa mikono miwili, akaushusha kutoka kwenye stuli, akakaa wima kunitazama vizuri.

"Yule nilisamehe hakusikia," akasema. "Wewe sikujui."