Chuma cha Kassian

Kassian alipozikwa Lupiro, ndugu zake walikibana chuma chake kwenye nguzo ya dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, kwa kamba za magome. Desturi ya mashamba yale ya mpunga ni hiyo: penye msiba chuma kinyamazishwe, na majirani nao wasigonge vya kwao mpaka mfiwa aanze mwenyewe.

Kilikuwa kipande cha springi ya lori. Kila jioni Kassian alikigonga kuwajulisha majirani kwamba yu mzima, nao wakamjibu kutoka madungu ya mbali. Nguruwe pori wakivamia, alikigonga mfululizo, watu wakaja na mikuki. Mkewe Margareta hakuwahi kukigusa. Yeye jioni alikuwa na chungu chake.

Baada ya arobaini alirudi shambani peke yake, akagonga. Ko, ko, ko. Akasikiliza. Vyura tu. Kesho yake akagonga kwa nguvu mpaka bega likamuuma, na bado kimya.

“Kumbe walikuwa wanamjibu Kassian,” alisema. “Mimi si mtu.”

Uchungu huo ukamkaa rohoni. Mama wa watu, mwenye akili zake timamu, hakuzitazama zile kamba hata mara moja. Kisha nguruwe wakaingia. Aligonga, hakuja mtu. Asubuhi, mbele ya mpunga uliolazwa topeni, akakata shauri kurudi kwa kaka yake Mahenge. Mavuno wachukue nguruwe.

Jioni alifunga mizigo. Chuma hakukiacha, kilikuwa cha mumewe. Akazikata kamba, kikabaki kikining'inia kwenye waya wake wa zamani. Akishusha sufuria, ukingo wake ukakigusa kidogo tu.

Ngweee.

Margareta alishika waya, mtetemo ukampanda mpaka kwenye meno. Akakisukumia chuma kwenye nguzo, akagonga: ko. Akakiachia kining'inie, akagonga taratibu. Sauti ikapita juu ya mpunga, ikaenda zake. Siku zote hizo nguzo ilikuwa ikiimeza.

Ng'ambo ya bwawa, rimu la gurudumu la jirani yake mzee Stanislaus likajibu. Debe la Beno likafuata. Margareta alikaa chini akalia, kisha akafungua mizigo na kuwasha moto.

Kassian alikuwa na mazoea yake. Majibu yakiisha, alikituliza chuma kwa kiganja, akamgeukia mkewe na kusema, “Haya mama, tule.”

Margareta akaweka kiganja. Chuma kikanyamaza. Akasubiri kidogo, kisha akapakua sahani moja.