Kuyumba si Kupinduka

Mwaka elfu mbili na kumi na sita, kiangazi kilipokuwa kimeanza tu, Mkaguzi wa vyombo wa chama cha wapiga kasia aliingia katika karakana ya mpwa wake akiwa na futi ya chuma, kalamu mbili, na dharau ambayo haikuhitaji kupimwa kwa futi.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Kwa miaka thelathini alikuwa amefundisha sarufi asubuhi na kupiga kasia jioni, na katika kazi hizo mbili hakuwahi kumwambia mtu "vizuri" pale ambapo "si vibaya" ingetosha. Alisimama mlangoni akaitazama karakana: vumbi la faiba juu ya kila kitu, makopo ya gundi yaliyoganda brashi ndani, redio iliyovishwa mfuko wa plastiki. Katikati, juu ya stendi mbili za mbao, kililala chombo chembamba kama kalamu. Kilikuwa skii ya mawimbi, ule mtumbwi mrefu ambao mpiga kasia hukaa juu yake badala ya kuingia ndani, akauongoza usukani kwa miguu.

"Karibu, Shangazi," alisema mpwa wake, ambaye watu wote walimwita Fundi. "Hii ndiyo chombo yangu."

"Hiki ndicho chombo changu. Kama umeshindwa kukipatanisha na sarufi, utakipatanishaje na bahari?"

Fundi aliimeza aibu hiyo. Alikuwa na sababu ya kuimeza. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kuvuka hadi kisiwani, na hakuna chombo kilichoruhusiwa kushiriki bila muhuri wa Mkaguzi. Nahodha wa chama alikuwa ameahidi kwamba skii hii ikivuka salama, chama kitaagiza nyingine sita. Isipovuka, Fundi angefunga karakana na kurudi kuziba matangi ya maji kwa shemeji yake. Mkewe alikuwa amekwisha kuuliza ni siku gani.

Mkaguzi alipima. Urefu, mita tano na nusu. Upana, sentimita arobaini na nane. Alipitisha kiganja chini ya tumbo la chombo, akakuta limeviringana kama yai, akaguna. Kisha akakikagua kiti.

"Kipimo hiki ulikichukua kwa nani? Kwa mbuzi?"

"Kwangu mwenyewe, Shangazi."

"Basi ni jibu lile lile."

Walikibeba hadi kwenye maji yaliyokingwa na ukuta wa mawe, mahali ambapo vyombo vyote vya chama vilikuwa vikipimwa tangu Mkaguzi apewe cheo hicho. Wanachama kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye ngazi za saruji. Maji yalikuwa kimya kama ya kwenye beseni. Mkaguzi akaketi, akaweka kasia magotini, na chombo kikaanza kucheza: kushoto, kulia, kushoto tena, hata kiuno chake kikalazimika kukifuata mbele ya watu aliowafundisha heshima. Mtu mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Alitoka majini akiwa amekunja uso.

"Hiki si chombo," alitangaza. "Ni mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Katibu, andika. Umbo, saba. Starehe, tatu. Utulivu, mbili. Muhuri hakuna."

Ngazi zote zilicheka. Katibu wa chama aliitwa Naam kwa kuwa hakuwa na jibu jingine. Aliandika upesi upesi. "Naam, Mkaguzi. Mbili. Na hiyo mbili yenyewe ni huruma tu."

Fundi hakucheka. "Shangazi, umekipimia kwenye beseni. Bahari iko nyuma ya ukuta."

"Na adabu iko wapi?"

"Mbona ile Sofa uliipa tisa?"

Sofa lilikuwa jina la skii ya chama iliyonunuliwa mwaka uliotangulia, pana, yenye tumbo bapa, iliyosifiwa na kila mgeni.

"Kwa sababu Sofa haitikisiki."

"Hapa haitikisiki. Nikuulize kitu, Shangazi. Hilo neno 'utulivu' kwenye fomu, maana yake kutoyumba au kutopinduka?"

Fomu hiyo aliitunga yeye mwenyewe, na kwa miaka thelathini hakuna aliyethubutu kumwuliza maana ya neno. "Yote mawili," alijibu kwa ukali.

"Basi si maneno mawili hayo? Ni wewe uliyetufundisha kwamba kila kitu kina neno lake."

Mkaguzi alihisi damu ikimpanda masikioni. "Leteni Sofa! Nitapita nyuma ya ukuta, nizunguke boya na kurudi. Wewe nifuate na mlevi wako, nipate kukuokoa."

"Mtatumia masaa mangapi, Mkaguzi?" aliuliza Katibu.

"Masaa hayapo. Ni saa, ziwe moja au mia."

Nyuma ya ukuta upepo ulikuwa macho, na mawimbi yalikuja kwa ubavu, mafupi, yenye hasira. Mkaguzi alikuwa ameyapita mawimbi ya namna hiyo tangu ujanani, lakini hakuwahi kuyapita akiwa juu ya Sofa. Tumbo bapa la Sofa lililala juu ya kila wimbi kama sahani. Wimbi lilipoinama, nalo liliinama. La kwanza alilistahimili. La pili lilimfanya ataje jina la mamaye. La tatu halikumpa nafasi ya kutaja lolote: Sofa iligeuka mara moja, bila onyo, na Mkaguzi akajikuta anakunywa maji ya chumvi bila kukaribishwa.

Alipanda tena. Sofa ikamngoja kwa upole mpaka akakaa vizuri, kisha ikammwaga. Akapanda mara ya tatu, ikammwaga upande wa pili, labda kwa ajili ya usawa.

Hapo ndipo alipomkumbuka mwalimu mmoja wa chekechea, mwanachama mpya, aliyepinduka na Sofa mwaka uliopita na hakurudi tena baharini. Mkaguzi alikuwa amemwambia kwamba chombo hakina kasoro, ni mwili wake usio na nidhamu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Naye alikuwa ameuchoma mwiba huo katika mguu wa mtu mwingine.

Fundi alimfikia akiyumba njia nzima, kushoto, kulia, lakini mkavu kuanzia kiunoni kwenda juu. Hakucheka, na hilo liliuma kuliko kicheko.

"Tubadilishane, Shangazi."

Mkaguzi alikipanda chombo chembamba kwa chuki. Kikamchezesha. Wimbi likaja, chombo kikalala ubavu, akangoja maji. Maji hayakuja. Kiliinama mpaka ukingoni, kikaegemea pale kama mtu aliyeegemea ukuta, wimbi likapita chini ya tumbo lake la yai, nacho kikarudi.

"Pinduka basi, mpumbavu wee!" alikiamuru. Alikisukuma kwa nyonga, kwanza kidogo, kisha kwa uzito wake wote. Kikaegemea, kikarudi. Alizunguka boya mara mbili akikitafutia kosa, akapata moja tu: kiti, kilichomchuna ngozi mahali ambapo mwalimu mstaafu hapataji.

Waliporudi, Fundi alikuwa anaogelea akiivuta Sofa iliyopinduka. Ngazi ziliona kila kitu, maana ukuta haukuwa mrefu. Katibu alimkimbilia Mkaguzi na taulo.

"Mkaguzi, nimeshaandika mbili kwa wino," alinong'ona. "Lakini kesho, ofisini, sisi wawili tunaibadilisha kimyakimya. Hakuna atakayejua. Heshima yako kwanza."

"Nimtukane hadharani, kisha nimlipe uchochoroni? Nipe fomu."

"Naam."

Alipanda ngazi ya juu, maji yakimchuruzika.

"Sikilizeni, nyote kumi na mmoja. Neno 'utulivu' katika fomu hii ni neno la kijinga, na aliyeliandika ni mimi. Nimelikata. Mahali pake yapo maneno mawili. Kutoyumba: skii ya Fundi, mbili. Sofa, tisa. Kutopinduka: skii ya Fundi, tisa. Sofa, moja, kwa sababu fomu haina sifuri. Aliyewapandisha Sofa katika bahari ya wazi ni mimi, na yule mwalimu wa chekechea nitamwendea kwake leo, kabla sijala. Starehe inabaki tatu. Aliyetengeneza kiti kile ama hana makalio, ama anayachukia ya wenzake."

Walicheka. Hakuwangoja wamalize.

"Nilikiita chombo hiki mlevi mbele yenu. Sikuwa nimekijua. Nilikuwa nimeyajua maji ya beseni tu. Mpwa wangu, nimekukosea, nawe ulisema kweli. Niwie radhi."

Fundi aliinamisha kichwa. "Hakuna neno, Shangazi."

"Neno lipo, ndiyo maana nimelitamka."

Akauchukua muhuri kwa Katibu, akaufungua kifuniko, akaiweka fomu juu ya goti lake lililolowa, akaugonga.