Kiti cha Kumshushia Mama Mkwe

Bartolomayo alikuwa amechomelea mageti ya watu kwa miaka mingi bila kukosa usingizi. Geti likianguka, limeanguka. Mwenye nyumba anafoka, fundi anarudia kazi, maisha yanaendelea. Lakini kile kiti kilimnyima raha tangu alipokata chuma cha kwanza, kwa sababu atakayekikalia alikuwa mama mkwe wake.

Bibi Yudith aliletwa Makole, mjini Dodoma, kutoka kijijini Haneti baada ya kiharusi kumlaza upande wote wa kushoto. Wanawe wa kiume walimpandisha ngazi mikononi mpaka ghorofani kwa dada yao Erica, wakanywa chai, wakarudi kwao, maana mvua zilikuwa zimekaribia na shamba halimsubiri mgonjwa. Huko ghorofani Bartolomayo na Erica walikuwa wamepanga vyumba viwili juu ya maduka. Nyumba yao wenyewe, kule Mkonze, ilikuwa bado kuta tupu bila paa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza Erica bila kuzunguka: mguu wa mama bado una uhai, akihudhuria kliniki kila wiki atatembea na fimbo. Akikaa ndani miezi hii ya mwanzo, basi, ndiyo imetoka hiyo.

Sasa nani amshushe? Erica alikuwa na mimba kubwa, hata ndoo ya maji alikatazwa. Bartolomayo alikuwa na mikono ya kuinua geti zima peke yake, na mikono hiyo haikumsaidia kitu. Mkwe habebwi. Kwao, mkwe hata haangaliwi. Tangu amuoe Erica hajawahi kula meza moja na Bibi Yudith wala kumtazama usoni, na kila neno kati yao lilipitia kwa Erica, hata pale walipotenganishwa na pazia tu. "Erica, mwambie mama nimemwamkia." "Mwambie nimeitikia." Watu wa mjini hucheka, na waache wacheke. Miaka yote hiyo hapakuwahi kupita neno baya kati ya wawili hao, na ni wakwe wangapi wa mjini wanaoweza kujisifu hivyo?

Safari ya kwanza ya kliniki walimwomba Fabian, dereva wa bajaji anayeegesha pale chini, na mwenzake mmoja. Nia yao ilikuwa njema, miguu ndiyo iliyowaangusha. Katikati ya ngazi mwenzake Fabian aliteleza, Bibi Yudith akabaki ananing'inia kwa kwapa moja, na kanga yake ikamvuka. Erica alikuwa amempasulia gauni nyuma ili amvishe kirahisi, kwa hiyo bibi wa watu akafikishwa chini mgongo wazi mbele ya wateja wa duka. Hakulia. Aliporudishwa aligeukia ukuta, na kwa ulimi wake uliokuwa mzito tangu augue akatamka kwamba ngazi ile hataishuka tena, ila wakimshusha kwenye sanduku.

Ndipo Bartolomayo alipoanza kuunda kiti.

Alipanga reli mbili za chuma kando ya ukuta, kutoka juu mpaka chini. Juu ya reli akaweka kiti cha basi dogo lililochakaa, pamoja na mkanda wake, kikitembea kwa vigurudumu. Waya wa chuma ulikishika kiti kwa nyuma na kupanda hadi kwenye winchi ya mkono aliyoifunga kwenye nguzo juu ya ngazi. Ukizungusha hendeli, kiti kinapanda au kinashuka. Kwenye winchi kulikuwa na gurudumu la meno, na ulimi wa chuma uliodondokea katikati ya meno hayo ili kiti kisikimbie. Ulimi ule aliukata kwenye springi ya lori na kuuchomelea mwenyewe. Ukivunjika, ameua. Na Haneti nzima ingesema nini? Kwamba Bartolomayo alimchoka mama mkwe, akamtengenezea mashine.

Hashimu, mwenye karakana anakofanyia kazi, mtu wa Kondoa asiyeishiwa utani, alikuja kutazama majaribio.

"Nyie Wagogo mna vituko," alisema. "Mtu anavunja ukuta wa watu na kutoboa nguzo ili tu asimguse mkwe. Si umbebe yaishe?"

"Angekuwa mkwe wako ungembeba?"

Hashimu akafikiri. "Hapana," akakubali.

Walishusha gunia la mahindi, likashuka salama. Bartolomayo akakaa mwenyewe, Hashimu akazungusha hendeli, naye akashuka salama. Lakini Hashimu hakuondoka. Alisimama akikuna kidevu.

"Bwana fundi, wewe na gunia akili zenu moja. Mnakaa mlivyowekwa. Mgonjwa hakai hivyo. Umempima yule mama? Umeona anavyoegemea?"

"Nimwone wapi? Yule mkwe."

"Haya," Hashimu akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

Maneno hayo yalimganda Bartolomayo kifuani, lakini angefanya nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Erica alishambembeleza mama yake, akamwahidi kwamba hakuna mkono wa mwanaume utakaomgusa wala jicho litakalomwona, na mama, baada ya kukataa sana, alikubali kwa ahadi hiyo.

Siku ya kliniki ilipofika, Bibi Yudith alimtaka Erica amfunge kanga juu ya gauni, fundo likae begani, likazwe na kurudiwa. "Isivuke," alisema kwa shida. "Isivuke tena." Erica akakaza mpaka vidole vikamuuma. Bibi akajiinua kwa mguu wake mzima, Erica akamkalisha kitini, uso ukielekea chini ya ngazi, mgongo ukielekea kwenye winchi; Bartolomayo alikiweka kiti hivyo makusudi, kwa heshima. Erica akafunga mkanda, akatangulia chini kumsubiri. Nje, Fabian alikuwa ameshawasha bajaji.

"Barto, tayari!" Erica akaita.

Bartolomayo alitia mkono kwenye hendeli, akageuza uso akatazama ukuta. Hivyo ndivyo alivyojipangia. Masikio yangemtosha.

Akainua ulimi wa chuma, akaanza kulegeza. Uzito wa mama mkwe ukaja mikononi mwake, uzito mdogo kuliko wa gunia, akaona huruma. Vigurudumu vikalia taratibu. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa asubuhi ya Dodoma ilikuwa na baridi yake. Alizungusha na kuomba Mungu, akazungusha na kuomba, macho yake yakiwa kwenye ufa mmoja wa plasta ambao hatausahau maisha yake yote.

Mara hendeli ikawa nyepesi.

Fundi yeyote anajua maana ya hendeli kuwa nyepesi wakati mzigo bado haujafika. Ama waya umekatika, ama mzigo umekwama. Halafu akasikia sauti ya Erica, sauti ambayo hajawahi kuisikia kwake.

"Barto! Inamkaba! Kanga inamkaba!"

Akageuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake, na alichokiona kilikuwa kisogo chenye mvi kikivutwa upande. Bibi Yudith alikuwa ameegemea kushoto, upande usio na nguvu, kama Hashimu alivyosema. Ncha ya kanga ilikuwa imening'inia, gurudumu likaibana kwenye reli na kuila, na lile fundo la begani, lililokazwa lisivuke, lilikuwa limeburutwa mpaka kooni.

Erica alijaribu kupanda kutoka chini. Ngazi ilikuwa nyembamba, kiti kimeijaza, na mikono yake iliishia kwenye magoti ya mama yake. Fabian alikuja nyuma yake, naye hakuwa na pa kupita.

"Ikate, Barto! Njoo uikate!"

Waya ulikuwa umelegea. Kanga ikiachia, kiti kitaruka mpaka uishe ulegevu wote. Bartolomayo alivuta waya kwa winchi mpaka ukakaza, akauacha ulimi udondoke kwenye meno. Akaona kwamba ili amfikie mama lazima aiachie hendeli, na kila kitu kibaki kwenye kile kipande cha springi. Na akifika, lazima amshike. Aichane kanga yake, amfunue, jambo lile lile ambalo bibi aliapa afadhali afe kuliko limkute tena. Miguu ikamwambia kaa. Alisimama pale, tuseme ukweli, kwa muda ambao mpaka leo anauonea aibu. Kisha akasikia mlio kutoka kooni kwa bibi, mlio mdogo, akaiachia hendeli.

Ulimi ulishika. Alishuka ngazi akiwa anausikiliza, kila hatua akitegemea kuusikia unakatika.

"Mama, nisamehe," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia ana kwa ana.

Alimzungushia mkono kifuani, akamvuta kwake. Kwa mkono wa pili akatoa mfukoni kipande cha msumeno wa chuma alichokizungushia mpira kiwe kisu chake cha kazi, akakipitisha kati ya kanga na shingo, akakata. Kitambaa kikachanika. Kiti kikaruka chini kidogo, kikapiga kishindo, na juu kule ulimi ukalia ka! Erica akapiga yowe. Bartolomayo alifumba macho akiwa amemkumbatia mama mkwe wake, akisubiri wote waporomoke.

Hawakuporomoka. Bibi Yudith alivuta pumzi kwa kukwaruza, akakohoa, akavuta nyingine. Mgongo wake ulikuwa wazi. Bartolomayo alivua shati lake, macho bado kayafumba, akamfunika kwa kupapasa. Akamfungua mkanda, akambeba mpaka juu, akamlaza kitandani, akatoka nje kutapika.

Kliniki haikuendwa siku hiyo. Bibi Yudith aligeukia ukuta. Chakula alikigusa tu. Bartolomayo alihamishia maisha yake karakana, akawa anarudi nyumbani kulala tu, akipita sebuleni kwa kunyata kama mwizi. Hofu yake sasa ilikuwa nyingine. Kwamba bibi angefungua mdomo kwa neno moja tu, nirudisheni Haneti. Wanawe wangekuja kumchukua, mguu ungekufa kitandani, na aibu ile ingemfuata yeye kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo. Erica alimwambia, "Hujafanya kosa." Hakumsadiki.

Siku moja kabla ya kliniki iliyofuata alipanda na mashine ya kukatia chuma. Aliamua kuking'oa kiti chote na kuuza chuma chakavu. Alipochomeka waya kwenye umeme, sauti nzito ilitoka nyuma ya pazia.

"Erica. Mwambie asikate."

Erica alitoka jikoni na mwiko mkononi. Bartolomayo alisimama palepale.

"Mwambie..." Bibi Yudith alikuwa anayatafuta maneno moja moja. "Kiti hakina kosa. Mwambie, alikuwa anaangalia ukuta."

Ni kweli, alikuwa anaangalia ukuta. Mtu amechomelea chuma kwa jicho kali, akapima kila unene na kila mwinamo, halafu kitu kimoja tu ndicho hakukitazama, nacho ni yule aliyekaa kitini. Bartolomayo aliona macho yanamchoma.

"Mwambie akigeuze," sauti ikaendelea. "Kielekee juu. Nikishuka, anione."

Alifanya kazi mpaka jioni. Alifunika vigurudumu kwa bati, akaongeza mto wa kuzuia upande wa kushoto, na kiti akakigeuza kikaelekea kwenye winchi.

Asubuhi Erica alimkalisha mama yake kitini na kunyoosha mkono kuchukua mkanda. Bibi Yudith akatikisa kichwa.

"Mwambie afunge yeye."

Hatua mbili tu ziliwatenganisha, lakini Erica alitii. "Barto, mama anasema ufunge wewe."

Bartolomayo akapiga magoti. Alifunga mkanda, akavuta kuupima, akavuta tena. Alizikusanya ncha za kanga na kuzipenyeza chini ya paja la mama mkwe wake, moja baada ya nyingine. Mkono wa kulia wa Bibi Yudith, ule mzima, ulikuwa umeung'ang'ania mkono wa kiti.

"Mwambie ninaogopa," bibi alisema.

"Mwambie mama," Bartolomayo akasema, "na mimi ninaogopa."

Erica aliwatazama wote wawili, hakumwambia yeyote kitu, akatangulia chini.

Bartolomayo alirudi kwenye winchi. Ulimi wa chuma ulikuwa uleule, springi ileile, na hakuna aliyeweza kumwapia kwamba hautavunjika leo. Aliinua uso. Bibi Yudith alikuwa anamtazama kwa macho yaliyofanana kabisa na ya Erica, na miaka yote hiyo hakuwahi kujua. Akainua ulimi, akaanza kumshusha, wakitazamana mpaka chini.