Scolastica Hakujiandika

"Jina langu umebadilisha, hongera! Mlango wa bluu je? Na mbuzi wa pembe moja? Mtaa mzima huu wa Makanyagio, nani mwingine ana mbuzi wa pembe moja?"

Mwandu alikuwa amesimama katikati ya uchochoro unaotenganisha nyumba yake na ya Scolastica, mwiko mkononi, na sauti yake ilishafika mpaka kwa fundi cherehani. Watu wakaanza kutoka. Mwenye ndoo akaitua. Zuhra wa duka la kona akaja na mteja wake kabisa, maana ugomvi wa Mwandu na Scola si wa kuhadithiwa, ni wa kwenda mwenyewe.

Na wengi walikuja wamejiandaa kucheka. Wale wawili walikuwa watani, mmoja Msukuma, mwingine Mfipa. Miaka kumi na tisa walikuwa wakiitana mchawi, mlafi, mwizi wa kuku, halafu jioni wanaombana chumvi. Lakini leo Mwandu hakumwita mtu mchawi wala mlafi, watu wakaona hapa hapana mchezo.

"Mwandu, mwenzangu, ni utani tu ule," Scolastica akasema.

"Utani? Mtani ananitukana usoni, namrudishia papo hapo, tunamaliza. Wewe umenitukania kwenye karatasi. Nikujibu wapi? Nami niende chuo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Alipoona yuko peke yake akajifanya anakohoa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Scolastica, baada ya kuuza wali pale stendi miaka ishirini, alifanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu, na akiwa na miaka hamsini na mbili akapanda basi kwenda chuo kikuu Mbeya kusomea uandishi. Alikaa dawati moja na watoto waliomwita bi mkubwa. Mhadhiri akawaambia: andikeni mnachokijua. Naye Scola alichokijua kuliko vyote ni maisha ya Mwandu.

Basi akaandika jinsi mume wa jirani, aliyelazwa na kiharusi, alivyokata roho peke yake huku redio inaongea, mkewe ametoka kwenda kupiga soga. Akaandika na uongo wa yule mke: jinsi alivyowaambia wakweze kwamba mzee alifia mikononi mwake akiomba maji. Mambo hayo Mwandu alimnong'oneza yeye peke yake, siku wanachambua mchele wa matanga. Mhadhiri alisifu mpaka akasimama. Hadithi ikatiwa kwenye kijitabu cha darasa, na Scola aliporudi likizo kiherehere kikampanda, akakituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. "Someni kazi ya mwenzenu," akaandika chini yake. Alikuja kukifuta baadaye, lakini ni sawa na kumfungia zizi mbuzi aliyekwisha kuliwa.

Na kesho ilikuwa misa ya kutimiza mwaka mmoja tangu Alois, mume wa Mwandu, afariki. Kaka wa marehemu, Enoka, alikuwa njiani kutoka kijijini kwao, Mamba. Mamba nako simu zipo.

"Enoka akinifukuza kwenye misa ya mume wangu, utaandika na hilo?" Mwandu akauliza. Kisha akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Scola kuliko makelele. "Halafu nijibu. Siku ile nilikuwa kwa nani? Umeandika 'kwa jirani.' Jirani mwenyewe hana jina, hana hata mdomo. Mbona wewe hukujiandika?"

Akaingia ndani. Watu wakatawanyika shingo upande, kama waliotolewa harusini kabla ya pilau.

Scolastica alibaki kwenye kizingiti chake, akiikumbuka siku Alois alipofariki. Siku ile Mwandu alikwisha simama kuondoka, tena mara mbili. "Ngoja nikamgeuze mzee," alisema. Ni yeye Scola aliyemvuta kitenge. "Kaa kidogo bwana, hujasikia bwana harusi alivyozimia mbele ya padri!" Umbea ulikuwa mtamu. Mwandu akakaa. Chuoni, Scola aliiandika siku ile mara tatu, na kila mara mkono wake ulikiruka kile kitenge.

Saa saba bodaboda ikasimama. Enoka akashuka na gunia la mchele. Scolastica akamwahi kabla hajafika mlango wa bluu, akachuchumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kama umeona kitu kwenye simu, ni uongo wangu. Nimetunga. Shemeji yako hana kosa. Kule tunafundishwa kutunga."

Mzee akalitua gunia, akajifuta uso.

"Mjukuu amenisomea. Umesema redio ilikuwa inaongea peke yake."

"Nimetunga, baba."

"Hukutunga. Ilikuwa inasoma salamu za wasikilizaji." Alitazama pembeni. "Siku ile nilikuja kumjulia hali ndugu yangu. Nikamkuta ameshakata roho. Nikasikia vicheko ng'ambo hii. Nikasema, shemeji akijua mimi ndiye niliyemkuta, hatainua uso tena mbele yangu. Redio nikaiacha vilevile, nikaenda nyuma ya choo. Liliposikika yowe lake ndipo nikaja, kama mtu anayefika. Akaniambia amefia mikononi mwake. Nikasema, ashukuriwe Mungu. Tangu hapo mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi, na tunaheshimiana. Wewe chuo chako kimetuvua nguo wote wawili."

Scolastica akazidi kuinama pale mavumbini.

"Kicheko cha shemeji nilikijua," Enoka akaendelea. "Cha pili nilikuwa najiuliza mwaka mzima ni cha nani."

Scola angeweza kunyamaza. Siku ile hakuna aliyemwona, na mzee alikuwa ameshainama kulichukua gunia.

"Kilikuwa changu," akasema. "Alitaka kuondoka, baba. Mara mbili. Mimi ndiye niliyemzuia. Hilo sikuliandika."

Enoka akajitwika gunia. Alimtazama tu, wala hakukuwa na hasira katika macho yake, na Scola akatamani angetukanwa.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Mwandu alikuwa amesimama pale, haijulikani tangu saa ngapi, macho mekundu. Alimpokea shemeji yake gunia, wakalishika wote wawili kwa muda bila kutazamana.

"Shemeji, ingia ule, ugali unapoa." Kisha, bila kumgeukia aliyekuwa bado amechuchumaa mavumbini: "Na wewe ingia ule. Usije ukaandika tulikunyima."