Doa Mbele ya Wakwe

Wazo la kukutana na wakwe kwenye mkahawa wa Kiasia lilikuwa la binti, na mama yake, Dobi wa hospitali, alipolisikia alicheka kwanza. Mkahawa ule aliujua kwa nje tu: milango ya vioo, na mlangoni mhudumu aliyevaa vizuri kuliko bwana harusi. Lakini binti akamweleza kwamba siku za kazi, kuanzia saa sita mchana, pale kuna chakula cha bei moja: supu, vitafunio, samaki, wali, matunda, na chai ya kumiminiwa mpaka ushindwe mwenyewe, yote kwa bei ambayo usiku haikupatii hata hiyo supu. Dobi alipenda sana kitu kizuri cha bei nafuu. Alikubali palepale.

Sharti lilikuja siku yenyewe, wakiwa njiani.

"Mama," binti alisema huku akijifanya anatafuta kitu mkobani, "wakikuuliza kazi, sema tu uko hospitali."

"Si ndiko niliko?"

"Ndiyo. Basi ishia hapo hapo."

Dobi alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili, na kwa mashuka hayohayo huyu binti alisoma mpaka leo anachora majengo ya ghorofa. Maneno yale yalimchoma. Lakini mtoto akishapata mchumba wa kueleweka, humharibii kwa ajili ya sabuni. Akajikaza, akaahidi. Kitu kimoja tu alitaka kukijua, na hakuthubutu kukiuliza: je, mwanawe anamwonea aibu?

Mchumba na mama yake walikuwa wameshafika. Mama mtu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mnene wa haki, mwenye gauni jeupe pe la mikono mipana na sauti iliyozoea kutuliza darasa. Alimkumbatia Dobi kama waliocheza wote utotoni.

"Karibu mkwe wangu. Mimi leo nimekuja na njaa ya makusudi. Sijagusa hata chai."

"Hata mimi," Dobi akakiri, na hapo hapo akampenda.

Alipoulizwa kazi, alisema yuko hospitali, akaishia hapo hapo. Chakula kikaanza kushuka. Supu ya uyoga na tangawizi, ya moto hasa. Kisha vikapu vidogo vya mianzi, na ndani yake vifuko vya unga laini vilivyopikwa kwa mvuke, kila kimoja kimefungiwa nyama kwa mikunjo midogo ya kupendeza. Dobi aliomba uma bila kuona haya, akala, akamwomba Mungu mchana usiishe haraka. Mwalimu yeye aligoma kushindwa na vijiti. Alivishika kama chaki, mwanawe akimwelekeza, yeye akimkatiza.

Kifuko cha tatu kikamponyoka. Kikatumbukia kwenye kibakuli cha mchuzi wa soya, mchuzi ukaruka, ukatua kwenye mkono wa lile gauni jeupe, doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kujicheka. Dobi hakucheka. Kwa jicho moja alishajua kitambaa ni pamba tupu, na kwamba doa kama lile likiwa bichi ni kazi ya dakika mbili, likikauka ni kazi ya wiki nzima na huenda gauni likaishia kuwa la kupikia. Mkono wake wa kulia ukaanza kumwasha. Akaukalia. Kweli kabisa, mtu mzima wa miaka hamsini na minne aliukalia mkono wake ili usimtobolee siri.

Mhudumu akaja mbio na taulo dogo linalofuka mvuke. Mwalimu akalipokea, akalielekeza kwenye doa. Maji ya moto, jamani! Ni kulipika lile doa likaivie humohumo kwenye nyuzi. Dobi akamtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa akitazama sahani.

Mkono ukachomoka. Ulimdaka Mwalimu kifundo cha mkono kama mtu anayemzuia mtoto asiguse pasi.

"Usisugue. Hiyo ya moto weka chini. Maji baridi na kipande cha sabuni, sasa hivi, kabla halijakauka."

Mwalimu akamkazia macho yake ya kukagua madaftari.

"Mkwe, haya umejifunzia wapi? Huko wodini?"

Njia ilikuwa wazi. Ilihitajika "ndiyo" moja tu. Dobi alifungua kinywa aitoe, kwa ajili ya mwanawe, na moyo ukimuuma.

"Si wodini," binti akasema. Uso aliuinua. "Mama ni dobi. Mashuka yote ya hospitali ile yanapita mikononi mwake. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nilitaka mdhani ni mtu mwingine."

Mchumba aliweka vijiti chini. Mwalimu akageuka polepole kwa Dobi.

"Kumbe dobi, halafu umekaa kimya gauni langu linakufa?"

"Niliahidi, mkwe."

"Ahadi imekwisha. Nyanyuka twende. Gauni hili nililinunua kwa ajili yako."

Msalani, Mwalimu alisimama upandeupande, mkono ndani ya sinki, huku Dobi akimfungulia bomba na kumpa amri. Mlango ukafunguliwa. Binti aliingia, akasimama nyuma yao. Mwalimu akajifanya anasoma maandishi kwenye chupa ya sabuni.

"Mama, nisamehe."

Dobi alikuwa na mengi ya kusema, yote ya furaha. Akamsogezea upande mmoja wa kitambaa.

"Shika hapa. Kaza."

Binti akavua saa yake, akapandisha mikono ya nguo, akaingiza vidole kwenye povu.

"Kwa gumba," Dobi alisema. "Toka nje ya doa uje katikati, usije—"

"Nakumbuka, mama," binti akasema, na kweli alikuwa akisugua vile vile alivyofundishwa akiwa na miaka saba.