Klorini ya Jumuiya

Gizani, kabla ya alfajiri, Agape alikuwa anasaga meno usingizini, kri, kri, kama panya kwenye gunia la mahindi. Mama yake, Pudensiana, alikuwa macho akimsikiliza. Katika kijumba chao cha kazini kando ya dampo, nje kidogo ya Sirari, hakuna mtu mwingine aliyesikika.

Kazi ya Pudensiana ilikuwa kutunza bwawa. Maji meusi yanayochuruzika chini ya takataka yaliingia humo, vijidudu visivyoonekana kwa macho vikala uchafu wake, mradi mashine ivipulizie hewa usiku na mchana. Hayo alijifunza kwenye masomo ya jioni, Agape akiwa mgongoni. Maji yakishasafika yalishuka mtoni, ng'ombe wa watu wakanywa.

Mwaka mmoja na nusu hakuna jirani aliyekanyaga kwake, kisa harufu. Kisha zamu ya sala ya jumuiya, inayozunguka nyumba kwa nyumba, ikamfikia. Pudensiana alifurahi mpaka akili ikamruka. Usiku wa kuamkia siku ile alimwaga bwawani ndoo mbili za klorini ya kuoshea magari ya taka. Harufu ikakatika. Watu wakaja, wakasali, wakanywa chai. Mama Rhobi, jirani mwenye ng'ombe, akasifia mandazi.

Na vijidudu vikafa vyote.

Sasa bwawa lilikuwa jeusi tii, linanuka kuliko mwanzo. Alifunga koki ya maji yaendayo mtoni, akajieleza kwa Godwin, afisa wake, kwa simu.

"Dada, mwisho wa mwezi nakuja kupima," Godwin alimjibu. "Nikikuta bwawa limekufa, kazi anapewa mwingine. Wewe utarudi kwenu Sumbawanga."

Kulipopambazuka alimwamsha Agape, akachukua ndoo, akaenda kwa Mama Rhobi, aliyekuwa anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, Mama Agape?"

"Naomba mavi ya ng'ombe. Mabichi."

Mama Rhobi aliachia chuchu. "Wee! Mji mzima unakumwagia uchafu, bado hujashiba? Unataka na wa kwangu?"

"Ndani yake kuna vijidudu. Vya bwawani niliviua mimi." Pudensiana alitazama miguu yake. "Niliweka klorini, ili mje."

Mama Rhobi alinyoosha kidole. Hakucheka.

"Zizi lile pale. Chota."

Alichota. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, wiki mbili nzima, ndoo kichwani, mtoto akimfuata nyuma. Mama Rhobi aliitikia salamu, akaendelea na maziwa yake. Hakuna aliyemtua Pudensiana ndoo. Bwawani alikoroga mavi kwa maji, akayamimina karibu na mashine, akakaa ukingoni akingoja. Jioni aliongea na vijidudu kama na wagonjwa: kuleni, jamani, kuleni kidogo.

Zikabaki siku tatu Godwin aje. Asubuhi ile aliona povu la kahawia likizunguka mashine, dalili ya vijidudu hai, akaogopa kuamini. Alivuta pumzi. Hakusikia kitu; pua yake ilishazoea dampo, haikutofautisha tena kibaya na kizuri. Angemwita nani anuse? Alitazama njia ya kwa majirani. Ilikuwa tupu.

Agape alichuchumaa ukingoni, akanyoosha shingo juu ya maji, akanusa kwa nguvu kama anayechungulia sufuria jikoni.

"Mama, leo hapanuki kama jana."